Kutumia Mtandao wa Waya na Wi-Fi kwa Wakati Mmoja kwenye Kompyuta Moja

Kompyuta yenye tundu la kebo ya mtandao na adapta ya Wi-Fi inaweza kuunganishwa na mitandao miwili kwa wakati mmoja bila kifaa wala programu ya ziada, na mifumo endeshi ya Windows, macOS na Linux yote inaruhusu jambo hilo. Kinachowatatiza watu ni yale yanayotokea mara tu kebo inapochomekwa: ama Wi-Fi inakatika yenyewe, ama alama zote mbili zinaonyesha kwamba muunganisho upo ilhali kurasa za intaneti hazifunguki, ama intaneti inapatikana vizuri lakini printa au seva iliyo upande wa pili haionekani kabisa. Ukiacha lile la kwanza, ambalo ni suala la mpangilio mmoja tu, mengine kwa sehemu kubwa yanatokana na swali la njia ipi inapewa pakiti zipi, yaani vipande vya data.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano mmoja na kubaki nao. Kebo inakwenda kwenye mtandao wa ndani wenye seva ya faili na printa, ambao anwani zake ni 10.20.0.0/24, yaani kuanzia 10.20.0.1 hadi 10.20.0.254. Ruta ya mtandao huo ni 10.20.0.1, haina intaneti, ila nyuma yake kuna mtandao mwingine mdogo wa kamera, 10.20.5.0/24. Wi-Fi inakwenda kwenye ruta nyingine, 192.168.1.1, ambayo ndiyo yenye intaneti. Tunachotaka ni seva, printa na kamera zifikiwe kwa kebo, na mengine yote yapite kwenye Wi-Fi.

Kompyuta inavyochagua njia

Data inayotoka kwenye kompyuta hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya IP ya mahali inapokwenda. Kabla ya kuituma, mfumo endeshi husoma jedwali la njia, ambalo ni orodha inayosema kwamba anwani za kundi fulani zipitie adapta fulani. Kanuni ya kwanza ni kwamba mstari unaotaja kundi dogo zaidi la anwani ndio unaoshinda. Adapta ya kebo ikishapata anwani 10.20.0.15 yenye maski 255.255.255.0 (namna nyingine ya kuandika /24), jedwali huongezewa mstari wa 10.20.0.0/24, na tangu hapo pakiti yoyote inayokwenda kwa seva 10.20.0.5 itapita kwenye kebo hata kama Wi-Fi ina kasi maradufu. Seva na printa, kwa hiyo, hazihitaji kurekebishiwa chochote.

Mgogoro huzuka kwa anwani zisizotajwa na mstari wowote mahususi, yaani karibu intaneti nzima. Hizo hufuata njia ya msingi, inayoandikwa 0.0.0.0/0, ambayo huelekeza pakiti kwa lango, yaani ile ruta inayozipeleka nje ya mtandao husika. Ruta inapogawa anwani kwa DHCP, yaani utaratibu wa kuvipa vifaa anwani bila kuandikwa kwa mkono, kwa kawaida hutaja na lango, iwe ina intaneti au haina, na kwa sababu hiyo kompyuta yetu hujikuta na njia mbili za msingi. Hapo ndipo kanuni ya pili inapofanya kazi: makundi yakilingana, hushinda njia yenye metriki ndogo, ambayo ni namba tu ya kupanga upendeleo. Windows 10 na 11 hukadiria namba hiyo kutokana na kasi ya muunganisho, na kebo ya gigabiti 1 hupewa 25 huku Wi-Fi ya kawaida ikipewa namba kubwa zaidi. Katika Linux, programu ya NetworkManager huipa kebo 100 na Wi-Fi 600.

Ukifungua dirisha la amri la Windows na kuandika route print -4, utaona mistari inayofanana na hii:

0.0.0.0   0.0.0.0   10.20.0.1   10.20.0.15   25
0.0.0.0   0.0.0.0   192.168.1.1   192.168.1.37   50

Safu ya tatu ni lango, ya nne ni anwani ya adapta yako, na ya mwisho ni metriki. Mistari hii miwili inaeleza tatizo lote: kwa kuwa 25 ni ndogo kuliko 50, kila ombi la intaneti linapelekwa kwa 10.20.0.1, ruta ambayo haina pa kulipeleka. Wi-Fi ni nzima, ina nguvu, imeunganishwa, wala haitumiwi. Ndiyo sababu siwashauri watu waanze kubadilisha madereva ya adapta au kuzima fayawoli kabla ya kulitazama jedwali. Nusu dakika ya kulisoma huokoa saa nzima ya kubahatisha.

Anwani za pande mbili zisifanane

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, hakikisha kwamba mitandao miwili haitumii kundi lile lile la anwani. Ruta nyingi huja zikiwa zimepangiwa 192.168.0.0/24 au 192.168.1.0/24, hivyo si ajabu kukuta pande zote mbili zikiwa na 192.168.1.0/24 ingawa ni mitandao isiyohusiana. Hali hiyo ikiwepo, kompyuta haina namna ya kujua kwamba printa yenye anwani 192.168.1.50 iko upande wa kebo. Itaitafuta upande wenye metriki ndogo tu, na usipoipata hapo utadhani printa imeharibika. Dawa ni kubadilisha anwani za mtandao mmoja kwenye ruta yake, kwa kuchagua kundi lingine kati ya yale yaliyotengwa kwa mitandao ya ndani, yaani 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16.

Kama kebo na Wi-Fi zote zinakwenda kwenye ruta ile ile, kufanana huko ni kwa kawaida na hakudhuru, lakini pia hakukuongezei kitu zaidi ya akiba pale kebo inapochomoka.

Kebo inayokwenda moja kwa moja kwenye kifaa kisichogawa anwani, kwa mfano mashine ya maabara au kamera moja, huiacha kompyuta ikijipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Katika hali hiyo ipe adapta ya kebo anwani ya kudumu iliyo katika kundi moja na kifaa hicho, na nafasi ya lango iache wazi.

Kupanga katika Windows

Windows kwa kawaida hujaribu kupunguza miunganisho inayotumika kwa pamoja: ikishaona kwamba kebo ina intaneti, haijiungi na Wi-Fi yenyewe, ingawa unaweza kujiunga nayo kwa mkono kwa kubofya jina la mtandao. Mara nyingi kubofya huko kunatosha. Kama Wi-Fi inakatwa kila unapochomeka kebo, fungua gpedit.msc, ingia Computer Configuration, kisha Administrative Templates, Network, na Windows Connection Manager, na huko ufungue sera iitwayo "Minimize the number of simultaneous connections to the Internet or a Windows Domain". Iwashe na uchague thamani 0, inayoruhusu miunganisho yote kwa pamoja. Matoleo ya Home hayana gpedit, lakini sera hiyo hiyo huwekwa kwa amri moja katika dirisha lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi:

reg add HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WcmSvc\GroupPolicy /v fMinimizeConnections /t REG_DWORD /d 0 /f

Baada ya hapo washa kompyuta upya. Ikiwa Wi-Fi bado inazimika, tazama ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta yenyewe inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza, kwani baadhi ya kompyuta za mkononi za kiofisi zina kipengele kinachozima redio ya Wi-Fi mara kebo inapochomekwa, na hicho hakisikii amri yoyote ya Windows. Kompyuta iliyo chini ya usimamizi wa ofisi inaweza pia kuwa imefungiwa sera hiyo makusudi, na hapo wa kuulizwa ni msimamizi wa mtandao.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe. Watu wengi hukimbilia kubadilisha metriki, na metriki hufanya kazi, lakini kwa mfano wetu kuna njia safi zaidi: kuinyima adapta ya kebo njia ya msingi kabisa. Metriki hupanga foleni tu, kwa hiyo Wi-Fi ikiyumba, Windows itarudi kwenye lango la kebo na kuanza kupeleka pakiti zako mahali zisikofika, au mahali ambako hukutaka zionekane. Lango likiwa moja tu, hakuna foleni ya kupanga. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika Get-NetIPInterface ili uone majina ya adapta zako, kisha:

Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Ethernet" -IgnoreDefaultRoutes Enabled

Chomoa kebo, ichomeke tena, kisha tazama route print. Mstari wa 10.20.0.1 unapaswa kuwa umetoweka katika njia za msingi, huku ule wa 10.20.0.0 ukibaki. Kama unapendelea madirisha kuliko amri, fungua ncpa.cpl, ingia kwenye sifa za adapta ya kebo, chagua Internet Protocol Version 4, andika anwani na maski kwa mkono, na uache nafasi ya Default gateway tupu. Matokeo ni yale yale, ila italazimu uhakikishe kwamba anwani uliyoiandika haijagawiwa kifaa kingine.

Bado kuna kamera, ambazo ziko nyuma ya 10.20.0.1 na hazimo katika 10.20.0.0/24. Tangu tulipoondoa lango la kebo, pakiti zinazokwenda kwenye kamera zinafuata Wi-Fi na kupotea. Tunaongeza mstari wake mahususi:

route -p add 10.20.5.0 mask 255.255.255.0 10.20.0.1

Herufi p ndiyo inayoufanya mstari udumu hata baada ya kuzima kompyuta, na kuisahau ndiko kunakowafanya watu waseme kwamba mpangilio ulifanya kazi jana na leo umekataa. Ikiwa mtandao wa ndani una makundi mengi yanayoanza na 10, unaweza kuyabeba yote kwa mstari mmoja wa 10.0.0.0 mask 255.0.0.0, kumbuka tu kwamba kanuni ya kundi dogo bado inatawala, na Wi-Fi ya ugenini iliyopangiwa anwani za 10 inaweza kugongana na mstari mpana kama huo.

Metriki nayo ina mahali pake, hasa pande zote mbili zinapokuwa na intaneti na unataka mmoja utangulie:

Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Wi-Fi" -InterfaceMetric 10

Kwa kuwa 10 ni ndogo kuliko 25, Wi-Fi itatangulia na kebo itabaki kuwa akiba.

Katika Linux na macOS

Kwa Linux inayotumia NetworkManager, kazi yote ni ya amri chache. Pata jina la muunganisho kwa nmcli connection show, kisha, tukidhani kwamba unaitwa "Kebo", andika:

nmcli connection modify "Kebo" ipv4.never-default yes ipv6.never-default yes
nmcli connection modify "Kebo" +ipv4.routes "10.20.5.0/24 10.20.0.1"
nmcli connection up "Kebo"

Anayetaka kubadilisha upendeleo tu atumie ipv4.route-metric na namba anayoitaka.

Katika macOS, upendeleo hufuata mpangilio wa huduma. Fungua System Settings, ingia Network, bofya menyu ndogo iliyo chini ya orodha, chagua Set Service Order, na uburute Wi-Fi iwe juu ya Ethernet. Njia ya kamera huongezwa kwa networksetup, ambayo, tofauti na amri ya route, huihifadhi njia hiyo hata kompyuta ikiwashwa upya:

sudo networksetup -setadditionalroutes "Ethernet" 10.20.5.0 255.255.255.0 10.20.0.1

Majina na DNS

Pakiti zikishajua njia, hubaki tatizo la majina. Kila mtandao huleta seva yake ya DNS, ambayo hugeuza majina kuwa anwani za IP, na seva ya DNS ya mtandao wa kebo usio na intaneti haijui majina ya nje, kama vile ile ya Wi-Fi isivyojua jina la seva yako ya faili. Dalili yake ni rahisi kuitambua: amri ya ping 8.8.8.8, inayojaribu kuifikia seva ya Google iliyo kwenye intaneti, inajibu, lakini ukurasa wa intaneti haufunguki au unachukua sekunde kadhaa kabla ya kuanza kufunguka. Ukiona hivyo, ipe adapta ya kebo anwani kwa mkono na uache wazi nafasi yake ya DNS, na vifaa vichache vya ndani uvifikie kwa anwani zao au uviandike katika faili la hosts, ambalo katika Windows liko C:\Windows\System32\drivers\etc na katika Linux na macOS ni /etc/hosts. Mtandao wa ndani wenye majina mengi unastahili utaratibu bora zaidi, na Windows inaweza kuelekezwa kuuliza seva ya ndani kwa majina yenye mwisho fulani tu:

Add-DnsClientNrptRule -Namespace ".ofisi.internal" -NameServers 10.20.0.53

IPv6, aina mpya ya anwani za IP inayotumika sambamba na IPv4 tuliyoishughulikia hadi hapa, husahaulika sana. Ina jedwali lake na njia zake za msingi, ambazo ruta huzitangaza zenyewe, hivyo mtu anaweza kurekebisha IPv4 yote kikamilifu na bado baadhi ya tovuti zikapita kwenye kebo. Amri ya IgnoreDefaultRoutes niliyoionyesha hugusa zote mbili kwa kuwa haikutaja aina ya anwani. Atakayetumia madirisha ya Windows lazima afungue na sifa za toleo la 6.

Mitandao yote miwili ikiwa na intaneti

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama kasi mbili hujumlishwa. Hazijumlishwi. Muunganisho wa TCP, itifaki inayobeba upakuaji mwingi, hutambulika kwa anwani na namba za bandari za pande zote mbili, kwa hiyo upakuaji ulioanza na anwani ya Wi-Fi utamalizika na anwani hiyo hiyo, na seva iliyo mbali haitakubali nusu ya faili iombwe kutoka anwani nyingine kana kwamba ni mteja yule yule. Ipo itifaki iliyobuniwa kwa kazi hiyo, MPTCP, iliyochapishwa kwanza mwaka 2013 na kuingizwa katika kiini cha Linux toleo la 5.6 mwaka 2020, lakini inahitaji iungwe mkono na pande zote mbili za mazungumzo, na seva nyingi haziitumii. Kuna pia huduma zinazogawanya pakiti kwenye njia mbili na kuziunganisha tena katika seva yao wenyewe kabla ya kuzipeleka mbele. Hizo hufanya kazi kweli, kwa sharti kwamba data yako yote ipite kwao.

Unachokipata bila gharama ni akiba. Kebo ikichomoka, njia yake hufutwa papo hapo na Wi-Fi hushika nafasi, ingawa mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea hukatika na programu hulazimika kuyaanza upya. Lakini akiba hiyo ina upofu mmoja: kama kebo ni nzima ila ruta imepoteza intaneti, adapta bado inaonekana kuwa hai na Windows huendelea kuitumia. NetworkManager ya Linux, ikiwa imewashiwa ukaguzi wa muunganisho, huiongezea njia hiyo metriki 20000 na kuisukuma nyuma. Kwenye Windows utalazimika kuchomoa kebo au kubadilisha metriki mwenyewe.

Usalama

Kompyuta yenye miguu miwili inaweza kugeuka daraja kati ya mitandao iliyotenganishwa kwa sababu maalumu. Kwa chaguo-msingi haipitishi pakiti za wengine kutoka adapta moja kwenda nyingine, na ni vyema ibaki hivyo. Usichague adapta zote mbili katika ncpa.cpl na kubofya Bridge Connections ukidhani kwamba ndiyo namna ya kuzitumia pamoja. Hilo huunganisha mitandao yenyewe, wala halina uhusiano na tunachokifanya hapa. Kwenye Linux hakiki kwa cat /proc/sys/net/ipv4/ip_forward, ambayo inapaswa kujibu 0, ukikumbuka kwamba programu kama Docker huigeuza kuwa 1 bila kukuuliza. Wi-Fi ya mahali pa watu wengi iwekwe katika wasifu wa Public na kebo katika Private, ili faili ulizozishiriki zionekane upande mmoja tu.

VPN, yaani programu inayopitisha data yako kwa siri hadi mtandao mwingine, ikiwashwa huongeza njia zake juu ya zote hizi. Ile inayobeba kila kitu huweka njia ya msingi yenye metriki ndogo kabisa, au mistari miwili ya 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1, ambayo hushinda njia ya msingi kwa kanuni ile ile ya kundi dogo. Mstari wako wa 10.20.5.0/24 huendelea kuishinda, isipokuwa programu ya VPN iwe imepangwa kuzuia mitandao ya ndani.

Kupima na kurudisha

Katika Windows, Find-NetRoute -RemoteIPAddress 8.8.8.8 inapaswa kutaja adapta ya Wi-Fi, na amri hiyo hiyo kwa 10.20.5.20 itaje Ethernet. Tracert -d 8.8.8.8 ithibitishe kwa kuonyesha 192.168.1.1 katika mstari wa kwanza. Kwenye Linux andika ip route get 8.8.8.8, na kwenye macOS route -n get 8.8.8.8. Kipimo cha mwisho kifanyike baada ya kuzima na kuwasha kompyuta, kwa kuwa hapo ndipo njia zisizohifadhiwa hujulikana.

Ukitaka kurudisha Windows ilivyokuwa, futa njia ya kamera kwa route delete 10.20.5.0, rudisha IgnoreDefaultRoutes kuwa Disabled, na kama uligusa metriki, ipe adapta husika -AutomaticMetric Enabled. Sera ya miunganisho hufutwa kwa reg delete kwenye njia ile ile ya rejista, ukitaja /v fMinimizeConnections.